Mrudieni Aliyewaambia

Kabla hamjafungua faili hata moja, nendeni stendi ya Kange mkakae. Si kupita, kukaa. Nendeni saa ambazo mabasi ya Lushoto, Korogwe na Handeni yanaingia, muone nani anashuka, nani anapokewa, na nani anabaki ameshika mfuko wake akiangaza macho huku na huku. Ninyi mliokuja Tanga kwa fildi ya ustawi wa jamii, na ninyi wa kamati za mitaa mnaojitolea, kazi ya kupinga usafirishaji haramu wa binadamu inaanzia pale, mbali na meza.

Pale stendi yupo mama mmoja mfanyabiashara. Sitawaambia anauza nini wala anakaa upande gani, maana stendi ni ndogo na wanaosafirisha mabinti nao wanajua kusoma. Nitamwita Mama, basi. Hajasomea kazi hii, hana kitambulisho cha ofisi wala fulana ya kampeni. Lakini wa kwanza kunifundisha kazi ni yeye, na wa kwanza niliyemkosea katika kazi hii ni yeye pia, kwa hiyo naanza naye.

Siku hiyo alishuka binti wa miaka kama 13, amejifunga kanga juu ya gauni la shule. Ndani ya mfuko wake wa rambo mlikuwa na kanga ya pili, sweta, na maparachichi matatu ambayo mama yake alimfungia kama zawadi ya mwenyeji. Namba ya simu ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kiganja, na jasho la njiani lilikuwa limeshafuta tarakimu mbili za mwisho. Mama akamuuliza, "Nani anakuja kukupokea, mwanangu?"

"Anti."

"Anti gani?"

"Jina lake silijui. Nimeambiwa atavaa baibui jeusi."

Tanga hii, saa kumi alasiri, baibui jeusi.

Mama hakupiga kelele wala hakukusanya watu. Alimketisha nyuma yake, akampa maji, akamwambia, "Hapa ni kwangu. Usiondoke na mtu mpaka mimi nikuambie." Akamtuma kijana wa kubeba mizigo aje kuniita. Kabla sijafika akatokea mwanamume, si anti tena, akasema huyo ni mtoto wa ndugu yake. Mama akamuuliza swali moja tu: "Anaitwa nani?" Yule bwana akataja jina. Halikuwa lake. Alipoombwa amsubiri mtu wa ofisi, akasema anakwenda kuangalia pikipiki yake, na hakurudi.

Tulifanya yaliyopaswa kufanywa. Dawati la jinsia na watoto la polisi likaandika maelezo, binti akalala mahali salama, na ilituchukua wiki tatu kumfikia mama yake, kule juu milimani kupita Mlalo. Niliandika ripoti iliyonyooka, nikapongezwa kikaoni. Mama wa stendi sikumrudia.

Miezi minne ikapita. Siku moja napita Kange, nikamsalimu, akaitikia kwa upole kama anavyomwitikia abiria yeyote. Nikamuuliza mbona kimya siku hizi. Akanitazama, akasema, "Nilidhani yule bwana mlimpa mtoto wake. Nikasema, kumbe wanajuana." Kisha akaniambia kwamba katika miezi ile walishuka mabinti wengine wawili wa namna ileile. Aliwatazama mpaka wakapandishwa bajaji, akanyamaza. Hao wawili sijawapata mpaka leo ninapoandika.

Wadogo zangu, hilo ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote: mrudieni aliyewaambia. Kazi hii inabebwa na watu ambao hawamo kwenye orodha ya mishahara ya mtu yeyote, na malipo wanayoyataka ni kujua kwamba walichokisema kilifanyiwa kitu. Tangu siku ile nina daftari dogo lenye safu mbili, nani aliniambia na siku gani nilimrudia. Jina halisi siandiki, naandika alama ninayoijua mimi. Safu ya pili ikikaa tupu siku mbili, sina raha.

Kumrudia mtu si kumpa siri za kesi. Binti katoka kijiji gani, alifanyiwa nini, hayo ni yake mwenyewe. Inatosha kusema, "Yule mtoto yuko salama, amefika kwao, ahsante mama." Na mambo yakiharibika, semeni vilevile. Kondakta mmoja wa njia ya Dar es Salaam alitupigia simu kuhusu mtu aliyekuwa na watoto wanne wasiofanana naye wala wao kwa wao, na kila walipoulizwa jambo walimtazama yeye kwanza. Tulichelewa. Basi lilifika njia panda ya Segera, likapita. Nilimwendea yule kondakta nikamwambia, "Tumewakosa. Uzembe ni wetu, wewe ulifanya yako kwa wakati." Alikaa kimya akikunja na kukunjua kitabu chake cha tiketi. Wiki mbili baadaye alipiga tena, kuhusu mtu mwingine, na safari hiyo sisi ndio tuliolisubiri basi Segera, si yeye aliyetusubiri.

Mnaporudi, rudini kama wateja. Msiende na gari lenye maandishi mlangoni, wala na vizibao vya mradi. Nunua kitu, kaa, zungumza habari za mvua na bei ya unga, kisha useme lile neno lako moja uondoke.

Sasa niwaambie kuhusu neno ambalo mtalisikia kila wiki. Mwajiri atakuja ofisini, au atampigia mwenyekiti wa mtaa, aseme: "Binti wangu wa kazi ametoroka." Masikio yenu yashtuke hapo.

Pwani hii inalijua neno hilo zamani. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Unguja likafungwa. Hilo mlisoma shuleni. Katika miaka hiyohiyo, bonde la Mto Pangani, watumwa wa mashamba ya miwa waliasi, wakaingia msituni, wakajenga kijiji chao chenye boma, na waliokuja kuwarudisha kwa silaha wakashindwa. Hawakungoja saini ya sultani wala ya balozi. Kila nikipita Pangani mjini, nikiona yale majumba ya kale kando ya mto, huwa nawafikiria wale zaidi ya wenye majumba. Majina yao hatunayo. Tulichobakiwa nacho ni jina walilopewa na waliowamiliki: watoro.

Kwa hiyo mtu akisema "ametoroka", msikimbilie kuuliza ameelekea wapi. Ulizeni alikuwa anakimbia nini. Alikuwa analala wapi? Alilipwa lini mara ya mwisho, na aliyeshika hela mkononi alikuwa nani? Mara mbili nimeona mwajiri akija na maelezo kwamba binti ameiba simu, na tulipompata binti, simu aliyokutwa nayo ilikuwa yake mwenyewe, iliyofungiwa kabatini kwa miezi minane. Sisemi kila mwajiri ni mbaya, wala kila binti hasemi uongo. Nasema tu kwamba maelezo ya kwanza yanayofika ofisini ni ya mwenye simu na nauli, na aliyetoroka huwa hana vyote viwili.

Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Lakini Tanga ni mji wa mkonge, na wazee wetu wengi waliletwa hapa kutoka Kigoma, Njombe na kwingineko kama manamba. Lisikilizeni neno lenyewe. Mtu alipewa namba, na namba ikawa jina lake. Mshahara wake ulikuwa umefungwa kwenye kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na mpaka kijae ndipo alipwe. Wengi walikuja kwa mkataba na kwa kutafuta kodi ya kichwa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia wapo walioletwa kwa amri ya serikali ya kikoloni. Nayataja haya kwa sababu mtakapokaa na binti wa kazi, mkamuuliza mshahara wake, atawajibu kwa neno moja: "Nawekewa." Anawekewa na tajiri. Ukijaa mwaka atapewa zote aende nazo kwao. Ukijaa mwaka, zinakatwa nauli aliyojia, sahani alizovunja, dawa alizopewa alipougua malaria, na inaonekana yeye ndiye anayedaiwa. Mzee mmoja wa Pongwe aliyefanya kazi mkongeni, nilipomsimulia habari hiyo, aliniambia kwa sauti ndogo, "Hicho ni kipande, mwanangu. Hicho ni kipande kisichojaa."

Tulieni na jambo la mabinti wa kazi, msiende nalo kichwakichwa. Nyumba nyingi za Tanga, na huenda hata kwenu mlikotoka, zina dada wa kazi, na wengi wao wanaishi vizuri, wanalipwa, wanarudi kwao sikukuu na mizigo. Mkiingia mitaani Ngamiani mkaanza kuita kila mwenye dada wa kazi mfanyabiashara ya binadamu, milango yote itafungwa na mnaowatafuta watabaki nyuma ya milango hiyohiyo. Sheria yetu ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, ya mwaka 2008, inatazama vitu vitatu. Kwanza kitendo, yaani kumchukua mtu, kumsafirisha, kumficha au kumpokea. Pili njia iliyotumika, iwe nguvu, vitisho, hila au kuutumia unyonge wake. Tatu kusudi, ambalo ni kumnyonya. Haidai mpaka wa nchi uvukwe. Kutoka kijijini Lushoto mpaka barabara ya kumi na mbili Ngamiani panatosha.

Kwa aliye chini ya miaka 18, kile cha pili hakihitajiki kuthibitishwa. Mtu akiwaambia "lakini mtoto mwenyewe alikubali, na mama yake alikubali", jueni kwamba huo si utetezi. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa kabisa. Jambo jingine la kufurahia: mwaka 2022 marekebisho ya sheria yaliondoa ule mlango wa mkosaji kulipa faini badala ya kifungo. Miaka yangu ya mwanzo mlango huo ulikuwa wazi, na nimeshuhudia machozi ya familia kwa sababu yake.

Msimuulize mtu "umeuzwa?" Hakuna anayejiona ameuzwa. Binti anajiona amekuja kutafuta maisha na mambo yamekwenda kombo, na aibu anaibeba yeye. Mimi huuliza mambo madogo tukiwa tunafanya kitu, tunachambua mchicha au tunakunja nguo. Simu yako iko wapi? Ukitaka kwenda dukani unamuaga nani? Mlango wa nje hufungwa na nani usiku? Nauli ya kuja alilipa nani, na umeambiwa ni kiasi gani? Mara ya mwisho kuongea na mama yako ni lini, na nani alikuwepo mkiongea? Ukiona anajibu yote kwa kumtazama mtu mwingine, jibu umeshalipata. Na kabla ya swali lolote, ale. Alale kama anataka kulala. Nimeona mtoto akihojiwa na watu wanne kwa zamu, kila mmoja na fomu yake, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na hakuna aliyekumbuka kumpa hata kikombe cha chai. Aliyeandika maelezo ya kwanza na awape wenzake wayasome.

Watoto wafundisheni namba 116, simu kwa mtoto, haina malipo. Wafundisheni pia wapiga debe na madereva wa bajaji. Wao ndio wenye chaji.

Upande wa Horohoro, mpakani na Kenya, mambo ni tofauti kidogo. Mtasikia habari za Wahabeshi, yaani watu wa Ethiopia, waliokamatwa kwenye lori, au kichakani, au kwenye nyumba iliyofungwa madirisha, wakielekea kusini. Kumvusha mtu mpaka kwa njia za panya kwa malipo ni magendo ya wahamiaji. Kumshika na kumnyonya ni usafirishaji haramu wa binadamu. Kwenye karatasi ni makosa mawili. Njiani huwa moja hugeuka likawa jingine. Kijana ameondoka kwao kama mteja, amelipa, na akifika katikati ya safari anafungiwa, familia inapigiwa simu itume hela zaidi, au anafanyishwa kazi mpaka "deni" liishe. Ukimtazama siku anayokamatwa utamwona mhamiaji asiye na kibali tu. Kwa hiyo msihukumu siku ya kwanza. Tafuteni mkalimani asiye mmoja wa waliokamatwa naye, kwa sababu wakala mara nyingine hukaa ndani ya kundi. Wanawake wawili wa kijiji kimoja cha Mkinga, wauza uji, walitusaidia kulijua hilo. Walikuwa wanapeleka uji kwa waliokamatwa, wakaona kwamba hakuna anayepokea kikombe mpaka kijana mmoja apokee kwanza. Walisema tu, "Yule siyo mwenzao." Mimi nilikuwa pale pale na sikuona.

Sasa nije kwenye kosa langu la pili, ambalo ni zito zaidi, na ndilo lililonifundisha maana ya kumheshimu mtu.

Tarehe 30 Julai ni siku iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2013 kwa ajili ya kupinga biashara hii. Mwaka mmoja tuliiandaa vizuri, ukumbi, bango, mgeni rasmi. Nilimwomba binti wa miaka 17, aliyekuwa nasi mwaka mzima akijifunza cherehani, asimame asimulie yaliyompata. Akakubali. Akasimama na gauni aliloshona mwenyewe, la kitenge cha njano, akasimulia, ukumbi ukalia. Watu wakapiga picha kwa simu. Jioni ile picha zilikuwa zimeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na haikuchukua siku kumi, yule aliyemkimbia akajua yuko Tanga, akajua na darasa la ushonaji. Tukalazimika kumhamisha mji usiku. Akapoteza darasa, akapoteza marafiki, akaacha gauni jingine mezani limeshonwa nusu.

Nilipomwomba radhi aliniambia, "Shangazi, mimi sikutaka kusema. Nilikubali kwa sababu ninyi mlinisaidia."

Nilikuwa nimemtoa kwenye deni la nauli nikamtia kwenye deni la wema. Tangu siku hiyo simwombi manusura asimame mbele ya watu. Akitaka mwenyewe kusema, anachagua yeye aseme nini, mbele ya nani, na anaweza kughairi akiwa ameshika kipaza sauti. Picha hapana, hata ya mgongo, hata ya mikono. Mikono ya mtu inajulikana na mama yake, na inajulikana na aliyemfanyisha kazi.

Siku hizi 30 Julai tunaifanya hivi. Tunawaalika watu wa stendi wote, makondakta, wapiga debe, mama lishe, wabeba mizigo, anayetusaidia na asiyetusaidia, ili hakuna atakayetazamwa peke yake. Viti vya mbele ni vyao, sisi wa ofisi tunakaa nyuma na tunabeba sahani. Pilau inapikwa. Hakuna anayeitwa jina na kupewa cheti kwa kumwokoa fulani. Tunasema kwa jumla tulichofanikiwa mwaka huo na tulichoshindwa, tunaeleza sheria kwa maneno ya nyumbani, tunasikiliza malalamiko yao, nayo hayakosekani. Kisha wiki inayofuata, mmoja mmoja, kimyakimya, tunarudisha vocha waliyotumia kutupigia na nauli waliyomlipia mtoto. Msidharau hilo la nauli. Kondakta akimshusha mtoto njiani kwa usalama wake, kile kiti tajiri wa basi anakidai. Mtu anayelipa wema wake kutoka mfukoni mwake kila mara, mwishoni mfuko unamshinda, hata kama moyo haujamshinda.

Wapo wanaopaswa kutajwa kwa majina, kwa sababu wenyewe wameamua kusimama hadharani. Justa Mwaituka alianzisha KIWOHEDE, shirika la kusaidia wanawake na mabinti, na mabinti wengi waliokuwa wakitumikishwa majumbani na kunyonywa kingono mijini wamepata pa kuegemea. Angela Benedicto wa Mwanza alikuwa mfanyakazi wa nyumbani tangu akiwa mdogo, naye ndiye aliyeasisi WoteSawa, shirika la wafanyakazi wa majumbani. Jina la shirika ni hoja kamili. Na jirani zetu wa Kenya wana Sophie Otiende, ambaye mwaka 2020 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilimtambua miongoni mwa mashujaa wa vita hivi, na yeye mwenyewe ni manusura. Someni kazi za wanawake hawa. Wawili kati ya watatu hao waliyaishi haya kabla ya kuyapinga, na hawakukubali kubaki mfano wa kusimuliwa kwenye hotuba za watu wengine. Wameketi kwenye meza wanakopanga. Mkikutana na manusura mwenye kichwa cha namna hiyo, msimpe kipaza sauti, mpeni kazi yenye mshahara. Anayepika pilau yetu ya 30 Julai ni mmoja wao, na bei anapanga yeye.

Shirika la Kazi Duniani na washirika wake walikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 50 walikuwa katika utumwa wa kisasa, milioni 28 katika kazi za shuruti na milioni 22 katika ndoa za kulazimishwa. Namba hiyo mtaikuta kwenye kila wasilisho. Ikiwatisha, ifunikeni mfanye ya leo. Mimi nikizidiwa nakwenda Raskazone jioni kutazama watoto wanavyoruka majini, kisha narudi nyumbani napika. Mwenzenu akianza kukasirika ovyo, au akaanza kuwacheka manusura, mpumzisheni kabla hajaharibu. Mimi niliwahi kupumzishwa mwezi mzima na mkuu wangu wa kazi, nikanuna sana, na alikuwa amenistahi.

Haya, kesho saa tisa alasiri tukutane Kange. Njooni na nguo za kawaida, kalamu, na hela ndogondogo. Nunueni kitu kwa huyu na kwa yule, msimkodolee mtu macho mkitafuta nani ni Mama. Nikichelewa dakika chache msiondoke. Kuna mtoto wa Handeni alifika kwao juzi usiku, na kuna mtu hajaambiwa bado. Nitapitia kwake kwanza.